Tani Moja ya Maganda, Kilo 35 za Mkaa

Tani moja ya maganda mabichi ya ndizi hubeba maji kilo 880 hivi. Yakikauka kabisa zinabaki kilo 120. Yachome ndani ya pipa lililozibwa, hewa isipate nafasi, na utatoka na mkaa wa kilo 35, au 40 ukibahatika. Ukitaka mkaa huo uwe mkali zaidi, wenye vitundu vidogo vinavyonasa sumu majini, unaurudisha kwenye moto wa nyuzi 700 au 800 pamoja na mvuke au kemikali, na hapo nusu yake inapotea. Lori la tani tano likitoka soko la Kwa Siyoni, mjini Bujumbura, limejaa maganda pomoni, mwisho wake ni magunia mawili matatu ya unga mweusi.

Hesabu hiyo huikuti kwenye habari tamu tunazosoma mara kwa mara, kwamba watafiti wa mahali fulani wamegeuza maganda ya machungwa, ya mihogo au ya ndizi kuwa chembe za nano zinazosafisha maji machafu. Habari zenyewe ni za kweli, na kemia yake haina uchawi. Swali la Bujumbura ni jingine: mji unaotupa mabaki ya chakula kila siku na kunywa maji ya Ziwa Tanganyika ungelipa kiasi gani kwa kila mita ya ujazo, na maganda hayo yangetosha kusafisha maji yapi?

Chembe ya nano ina upana wa kati ya nanomita 1 na 100. Unywele wa mtu una nanomita 80,000 hivi. Faida ya udogo huo ni eneo. Chukua mchemraba wenye sentimita moja kila upande: nyuso zake zote zikijumlishwa ni sentimita za mraba 6. Ukikatwa hadi vipande vya nanomita 10, jumla ya nyuso inafika mita za mraba 600, na uzito ni uleule. Sumu hunaswa usoni mwa chembe, kwa hiyo anayeuza eneo ndiye anayeuza usafi. Mkaa amilifu, yaani huo uliochomwa mara ya pili, una mita za mraba 500 hadi 1,500 katika gramu moja, na sehemu kubwa ya eneo hilo imejificha ndani ya vitundu vya nanomita chache. Fundi anayeutengeneza vizuri kwa mapipa mawili yuko kwenye biashara ya nano, hata kama hajawahi kulisikia jina hilo.

Malighafi ipo kiasi gani? Sensa ya 2008 iliwahesabu wakazi wa Bujumbura 497,166, na mji umepanuka sana tangu wakati huo. Nitatumia nusu milioni ili hesabu isipambwe. Benki ya Dunia inakadiria kwamba mtu mmoja wa Afrika kusini mwa Sahara hutoa taka kilo 0.46 kwa siku, na asilimia 43 hivi ya taka hizo ni vyakula na majani. Hiyo ni tani 230 kwa siku, na ndani yake tani karibu 100 za vitu vinavyooza. Mji ukiwa na watu milioni moja, zidisha kwa mbili.

Tani 100 ni nyingi, ila si zote zinazosubiri mnunuzi. Machicha ya bia yanagombaniwa na wafugaji wa ng'ombe. Maganda ya mihogo na ya ndizi yana nguruwe na mbuzi wanaoyasubiri uani. Yanayobaki ni yale ambayo hata mbuzi anayakataa, na ukienda nyuma ya kabare, yaani baa, yoyote ya mtaa wa Bwiza usiku wa Jumamosi utaelewa kwa nini. Maganda ya ndizi zilizochomwa yamelala pamoja na mifupa ya michopo (nyama choma), majivu ya jiko, vizibo vya chupa, mifuko ya plastiki na mafuta yaliyokwisha kukaangiwa. Majivu peke yake hayana neno. Plastiki ikiingia kwenye pipa la kuchomea inaharibu mkaa na kutoa moshi ambao fundi hapaswi kuuvuta. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya teknolojia hii ya kisasa ni mikono ya watu wanaochambua taka, na mikono hiyo ina ujira.

Kazi ya pili ni kukausha, na hapa ndipo miradi mingi ya karatasi hufia. Kuvukiza kilo moja ya maji kunahitaji megajuli 2.6 hivi. Kilo 880 zinahitaji karibu megajuli 2,300, sawa na uniti 640 za umeme. Kwa kuni, kilo moja ikitoa megajuli 15, na theluthi mbili za moto zikapotelea hewani, utachoma kuni kilo 460 ili ukaushe tani moja ya maganda, upate mkaa kilo 35. Katika nchi ambayo milima yake imeshanyolewa miti kwa ajili ya mkaa wa kupikia, wazo hilo halifai hata kujadiliwa.

Basi ni jua. Bonde la Imbo, ulipo mji huu, lina jua la kutosha. Nikikadiria uniti 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku, na turubai jeusi likanasa uniti 2 kati ya hizo, tani moja kwa siku inahitaji uwanja wa mita za mraba 320. Tani zote 100 za mji zingehitaji mita za mraba 32,000, yaani viwanja vinne na nusu vya mpira. Hayo ni ya miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti. Mvua zikianza, maganda yaliyotandazwa Jumatatu yameshaanza kuoza kabla ya Ijumaa.

Sasa bei. Nachukua karakana ya tani moja kwa siku, na makadirio haya ni yangu. Mwenye takwimu zake abadilishe. Wafanyakazi sita kwa faranga 10,000 kila mmoja ni 60,000. Kukusanya na kusafirisha, 50,000, na hapo naomba mafuta yapatikane, jambo ambalo kwa miaka ya karibuni Burundi si la kuaminika. Kodi ya uwanja, mapipa yanayotoboka, kusaga na kuchekecha, 40,000. Jumla ni faranga 150,000 kwa kilo 35, yaani karibu 4,300 kwa kilo. Kwa kiwango rasmi cha mwaka 2025, faranga 2,900 hivi kwa dola, ni dola moja na nusu. Mkaa amilifu wa viwandani, uliokwisha kuchochewa (yaani kuchomwa mara ya pili) na kupimwa, huuzwa kwa jumla dola 1.5 hadi 3 kwa kilo huko unakotengenezwa. Mkaa wetu wa maganda umeshafika bei hiyo kabla ya kuchochewa. Kinachouokoa ni barabara: mzigo wa ng'ambo unashuka Dar es Salaam na kusafiri zaidi ya kilometa 1,500 kabla ya kuonekana Bujumbura, na unalipiwa kwa dola ambazo mtaani, mwaka 2025, zilikuwa ghali zaidi ya mara mbili ya kiwango rasmi. Anayelipwa kwa faranga anamshinda anayelipwa kwa dola. Ni ushindi wa sarafu, si wa sayansi, na unaweza kuyeyuka siku sera ikibadilika.

Kuna njia fupi zinazovutia wanahabari. Moja ni kuchemsha maganda, kuchuja supu yake, kisha kuitumia kuzalisha chembe za nano za fedha zinazoua vijidudu. Ni kweli, supu ya maganda inafanya kazi hiyo vizuri. Lakini ganda hapo ni mpishi tu. Nyama ni nitrati ya fedha, ambayo asilimia 63.5 ya uzito wake ni fedha tupu, na gramu moja ya fedha ilipita dola moja mwaka 2025. Kuita kitu hicho bidhaa ya taka za chakula ni kutaja kiungo cha bei ndogo na kuficha kile cha bei kubwa. Chembe za chuma zilizotengenezwa kwa maji ya majani ya chai ni afadhali kwa mfuko, maana chumvi za chuma ni rahisi, na nchi yenye mashamba ya chai ya Teza na Rwegura haikosi majani yaliyotupwa.

Njia nyingine ni grafini, tabaka jembamba mno la kaboni. Mwaka 2020 kundi la James Tour wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, lilionyesha kwamba mshtuko wa umeme wa muda mfupi sana unageuza karibu kila chenye kaboni, vikiwemo vyakula vilivyotupwa, kuwa grafini, kwa kilojuli 7.2 kwa gramu. Hizo ni uniti 2 kwa kilo. Nilipoikokotoa nilishangaa: kilo 500 kwa siku ni uniti 1,000, mzigo wa kilowati 42 hivi, chini ya sehemu moja ya elfu ya megawati 49.5 za mradi wa umeme wa mito ya Jiji na Mulembwe. Umeme, ambao kila mtu angeutaja kwanza, si kizuizi kikubwa hapo. Kizuizi ni kwamba mashine inataka kaboni kavu inayopitisha umeme, na ganda la Kwa Siyoni lina maji asilimia 88. Tunarudi kwenye turubai jeusi.

Tukishakuwa na mkaa, unanasa sumu kiasi gani? Tafiti huandika miligramu makumi, hata mamia, kwa gramu moja. Msomaji aulize: katika maji gani? Mara nyingi ni maji safi ya maabara yaliyotiwa madini ya risasi au kromiamu kwa wingi, na tindikali ikapimwa ili mkaa ufanye kazi kwa raha. Kromiamu ile hatari hunaswa vizuri zaidi katika maji makali ya kiwango cha pH 2. Ziwa Tanganyika liko karibu na pH 9, tena limejaa magnesiamu inayogombea nafasi zilezile usoni mwa mkaa. Ndiyo maana natumia miligramu 10 kwa gramu. Anayenilaumu kwa uchoyo anionyeshe kipimo kilichofanywa kwa maji ya mto Ntahangwa.

Kwa kiwango hicho, ziwa lenyewe liondoe kwenye mazungumzo. Lina kilometa za ujazo 18,900. Ukiamua kutia gramu moja tu ya mkaa kwa kila mita ya ujazo, unahitaji tani milioni 18.9, zinazotokana na tani milioni 540 za maganda mabichi. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa linasema dunia nzima ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula mwaka 2022. Nusu ya chakula kinachotupwa na binadamu wote kwa mwaka, kwa gramu moja. Anayeomba fedha za kusafisha ziwa kwa nano apewe kalamu na karatasi.

Maji ya bomba ni habari tofauti. Regideso, shirika la umma la maji na umeme, huvuta maji ziwani na kuyatibu. Tuseme watu nusu milioni, lita 50 kila mmoja: mita za ujazo 25,000 kwa siku. Dozi ya gramu 20 za mkaa amilifu kwa mita ya ujazo, kwa ajili ya harufu, rangi na mabaki ya dawa za kilimo, ni kilo 500 kwa siku. Kwa sababu kuchochea kunakula nusu ya mkaa, hiyo ni karibu tani 29 za maganda, na uwanja wa kukaushia unaozidi kiwanja cha mpira. Nikipandisha bei ya kilo hadi faranga 10,000, kila mita ya ujazo inaongezeka faranga 200. Si wazimu. Lakini ugonjwa unaoutesa mji huu ni kipindupindu, kilichotangazwa tena rasmi Januari 2023, na mkaa hauui kijidudu cha kipindupindu. Klorini inaua. Gramu 3 au 4 za unga wa klorini zinatosha mita ya ujazo, kwa senti moja au mbili za dola, yaani faranga 30 hadi 60. Katika vita hiyo maganda hayana kazi, na fedha za umma zikiwa chache ningezitia kwenye klorini na mabomba kabla ya chochote chenye jina la nano.

Nyumbani je? Arusha, Tanzania, wameshajaribu. Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali wilayani Karatu, akiwa mhadhiri wa Taasisi ya Nelson Mandela, alitengeneza kichujio kinachoanza na mchanga na kumalizia na chembe za nano kwa ajili ya floraidi na metali nzito. Mwaka 2015 kilishinda tuzo ya kwanza ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Wakati huo kilitajwa kuuzwa dola 130. Kwa faranga za kiwango rasmi ni 377,000, katika nchi ambayo mtu mmoja anahesabiwa kipato kidogo sana kwa mwaka. Hilonga aliuona ukuta huo mapema akafungua vituo: watu wananunua maji yaliyochujwa, hawanunui mtambo.

Weka mkaa wetu kwenye hesabu hiyo. Familia inayokunywa lita 20 kwa siku, maji yakiwa na risasi mara mbili ya kiwango cha mikrogramu 10 kwa lita cha Shirika la Afya Duniani, inahitaji kimahesabu gramu 15 za mkaa kwa mwaka. Kwa kuwa maji yanapaswa kukaa na mkaa kwa muda, weka kilo 2. Ni faranga 8,600. Ganda likitolewa bure kabisa, umepunguza asilimia mbili na ushee ya bei ya kichujio. Gharama iko kwenye ndoo, koki, usafiri na kipimo cha maabara kinachothibitisha kwamba kinachotoka ni salama.

Na hapa niseme la moyoni: kama ningeombwa kuchagua taka moja ya Bujumbura, ningeyaacha maganda niokote mifupa. Mfupa wa michopo uliokwisha kuchemshwa na kukauka, ukichomwa bila hewa, hutoa karibu nusu ya uzito wake au zaidi. Ganda bichi hutoa asilimia tatu na nusu. Madini ya mfupa ni fuwele za makumi ya nanomita, bila kemikali yoyote ya kuchochea, na hunasa risasi vizuri. Huko Nakuru, Kenya, mkaa wa mifupa uliotengenezwa chini ya dayosisi ya Kikatoliki umekuwa ukiondoa floraidi kwenye maji ya kunywa ya watu halisi, si ya chupa za maabara. Kikwazo chake ni cha watu. Pale Buyenzi, mtaa wenye Waislamu wengi, hakuna mama atakayemimina maji ya mifupa asiyojua imetoka kwa mnyama gani, na ana haki. Mifupa ikusanywe kwa wachinjaji wanaojulikana, ya nguruwe isikaribie karakana, na jambo hilo liandikwe juu ya mfuko.

Mnunuzi wa kwanza wa mkaa wa maganda, kwa maoni yangu, ni kiwanda. Tuseme cha ngozi. Maji ya pipa la kusindikia ngozi huwa na kromiamu kiasi cha miligramu 2,000 kwa lita. Ukiyapitisha moja kwa moja kwenye mkaa, mita moja ya ujazo inameza kilo 200, yaani tani 5.7 za maganda. Haiwezekani. Lakini chokaa ikitangulia, kromiamu karibu yote inatuama kama tope na zinabaki, tuseme, miligramu 5 kwa lita. Hapo kilo nusu ya mkaa inatosha mita ya ujazo, kwa faranga 2,150. Kiwanda kinachotoa mita 50 kwa siku kinahitaji kilo 25, yaani tani 0.7 za maganda, kiasi ambacho karakana yetu ya watu sita inakimudu ndani ya siku moja.

Kisha mkaa unashiba. Kwa siku 300 za kazi ni tani 7.5 zenye kilo 75 za kromiamu, na kwa macho unafanana kabisa na mkaa wa kupikia. Ukipelekwa jalala la Buterere, ambako watu wanaishi kwa kuokota, utafika jikoni kwa mtu kesho yake; na kromiamu tulivu ikichomwa pamoja na majivu inaweza kugeuka ile inayosababisha saratani. Tani hizo zina ujazo wa mita 25 hivi, kwa hiyo zinaingia kwenye shimo la zege la mita tatu kila upande, lenye kifuniko na kufuli, shimo moja kwa kila mwaka. Kila faranga milioni moja ya shimo hilo inaongeza faranga 133 kwa bei ya kilo, na inapaswa kuwemo kwenye ankara ya kiwanda tangu mfuko wa kwanza.